Mama mtoto kahama jimbo na binti? Mkuu, acha kusubiri

Mkuu, kwenye posti yako ya talaka na ulezi wa binti, hapo uliposema "nimeambiwa nitulie, yeye ndiye atangulie mahakamani" nimeshindwa kunyamaza. Wewe uko Dallas, Texas, hapa Marekani, mkeo kaenda Minneapolis, Minnesota, na binti, na huu ni mwezi wa nne tangu waondoke. Mjuaji aliyekupa busara hiyo lazima ni ndugu wa yule aliyenipa mimi: anajaza watu fomu, anachukua hela, sheria hajui.

Fungua kesi Texas. Wiki hii.

Talaka inaangalia makazi yako: Texas wanataka miezi 6 jimboni na siku 90 kwenye kaunti. Ulezi unaangalia mtoto alikuwa analala wapi. UCCJEA, sheria inayoamua mahakama ya jimbo gani isikilize kesi ya ulezi, ambayo majimbo karibu yote wanayo (Massachusetts wamegoma), inauliza mtoto aliishi wapi na mzazi kwa miezi 6 mfululizo kabla ya kesi kufunguliwa. Akiondoka, jimbo la zamani linabaki na kesi yake miezi 6 mingine, mradi mzazi mmoja yuko pale. Umesema binti kakulia Dallas, kwa hiyo leo bado ni wa Texas. Ukifika mwezi wa saba tangu waondoke, ni wa Minnesota, na jaji wa Dallas atakuaga kwa heshima zote. Hapo ni wakili wa pili, nauli, na likizo bila mshahara. Mahari ilikuwa nafuu. Tena jimbo likishatoa amri ya ulezi, kwa kawaida linaishikilia maadamu mzazi mmoja au mtoto bado anaishi huko.

Tarehe inayohesabika ni ya karatasi ya kwanza kupokelewa mahakamani. Siku uliyomlipa wakili haimo.

Na msidanganyane kwa WhatsApp eti "tumekubaliana kesi iwe Texas". Mamlaka ya mahakama juu ya ulezi hayatoki kwenye makubaliano ya wazazi. Ujumbe wa "kaeni huko tu, msijali" ndio kabisa usitume! Kama ilikuwa safari ya kwenda na kurudi, tafuta tiketi ya kurudi, maana kutokuwepo kwa muda hakuvunji hesabu, ila utatakiwa kuthibitisha.

Akiomba amri ya ulinzi huko Minnesota (ya mahakama, kumkinga na ukatili), anaweza kupewa mtoto kwa dharura. Kama hakuna kesi iliyofunguliwa kwingine, na miezi 6 ikatimia, amri hiyo ya muda inaweza kuwa ya kudumu. Umeona kusubiri kunamsaidia nani?

Kwenye kiapo cha kufungulia kesi utaandika kila anwani ya mtoto kwa miaka 5, na aliishi na nani. Ambatanisha barua ya kuhama shule. Hiyo ndiyo itakayoonyesha aliondoka lini.

Texas wanapokea kwa mtandao hata saa tano usiku. Uliuliza na nyumba, pensheni sijui... Nionyeshe kwanza namba ya kesi.