Lami imeshafika, reli bado: niuze shamba la Nanguruwe?

Swali: Nina heka tatu za mikorosho Nanguruwe, zinapakana na lami ya Mtwara–Mnivata. Mnunuzi amepatikana na mwanangu anadaiwa ada ya chuo, lakini shemeji anasema tusubiri reli inayopangwa kutoka Mtwara hadi Mbamba Bay, bei itapanda mara tatu. Nifanyeje?

Jibu: Shikamoo mama. Naandika kama mthamini wa ardhi: kwa ajili ya reli, usisubiri.

Barabara hupandisha bei kwa sababu inapunguza nauli na muda wa kufika mjini, na lori la korosho linapita hata masika. Bei huanza kusogea watu wakisikia tu kwamba lami inakuja. Kwako lami imeshafika, kwa hiyo faida hiyo imo tayari kwenye bei unayotajiwa. Kitakachoiongeza sasa ni umeme, maji na watu kuhamia.

Reli ni habari nyingine. Kusini tulikuwa nayo, ile ya mradi wa karanga wa wakoloni wa Kiingereza iliyofika Nachingwea, ikafungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960 kwa kukosa mzigo. Wakati wa gesi pia watu walikimbilia viwanja Mtwara, kisha gesi ikapita bombani kutoka Madimba hadi Dar es Salaam, na wengi wakabaki na viwanja visivyopata mteja. Hata reli ikijengwa, treni husimama stesheni tu, na ardhi inayopata bei ni ya karibu na stesheni. Ikipita katikati ya shamba lako, serikali itaitwaa kwa fidia ya bei ya soko pamoja na mikorosho na posho za usumbufu. Matumaini ya shemeji hayamo kwenye hesabu hiyo.

Kabla ya kutaja bei, pima upande wa mbele. Kwa Sheria ya Barabara ya 2007, hifadhi ya barabara kuu na za mkoa, yaani ukanda usioruhusiwa kujengwa, ni mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara. Zamani ilikuwa 22.5. Usiuze eneo la hifadhi kama kiwanja cha kujenga, mnunuzi atarudi kwako na kesi.

Ningekuwa wewe ningeuza heka moja tu, ada ilipwe, mikorosho mingine iendelee kuzaa. Ligawe shamba kwa urefu, kila kipande kiguse barabara. Nimeona familia zikiuza mbele yote kwa sababu ndiko kwenye bei nzuri, nyuma wakabaki bila njia ya gari, na shamba kama hilo halipati mnunuzi wa maana. Inaniuma kila nikiitwa kulithamini.

Kuhusu bei, waulize majirani waliouza karibuni walipokea kiasi gani mkononi. Bei inayotajwa tu na dalali haitoshi kukuongoza. Na kwa kuwa hiyo ni ardhi ya kijiji, peleka mauzo halmashauri ya kijiji kabla hujapokea hata shilingi ya kishika uchumba.