Tutajuaje kama mwongozo wa taaluma unawafaa wanafunzi?

SWALI: Mhariri, mimi ni mwalimu wa ushauri nasaha katika shule ya upili ya kutwa huku Eastlands, Nairobi. Kila mwaka tunaandaa siku ya taaluma, kisha ninaandika ripoti ya idadi ya wageni waliozungumza na wanafunzi waliohudhuria. Mwalimu mkuu sasa anataka kujua faida yake. Je, wastani wa KCSE, mtihani wa kitaifa wa kumaliza shule ya upili, hautoshi kuwa kipimo?

JIBU: Mwalimu, swali la mkuu wako ni la haki, na ripoti hiyo haiwezi kulijibu kwa sababu inahesabu juhudi za shule na kuacha kilichompata mwanafunzi. Wastani wa KCSE nao hautoshi. Hausemi lolote kuhusu msichana aliyepata C+, akaomba kupitia KUCCPS, taasisi inayowapangia wanafunzi nafasi vyuoni, kozi asiyoijua na kuiacha muhula wa kwanza, wala kuhusu mvulana wa D aliyejiunga na chuo cha kiufundi na leo ni fundi umeme anayejitegemea. Kwa hesabu ya wastani, huyu wa pili ndiye aliyeiangusha shule, jambo ambalo mimi naliona kuwa dhuluma.

Nchini Marekani, sheria ya elimu ya taaluma na ufundi iitwayo Perkins V, iliyotiwa saini mwaka 2018, inayataka majimbo yaeleze ni wangapi kati ya waliosomea fani hizo katika shule za upili wako masomoni, kazini au jeshini katika robo mwaka ya pili tangu walipoondoka shuleni, na takwimu hizo zigawanywe kwa jinsia, ulemavu na uwezo wa kiuchumi wa familia. Lichukue wazo hilo la kumfuatilia mwanafunzi baada ya kuhitimu, lakini muda wake usiuige. Kwetu KCSE humalizika Novemba, na vyuo vikuu huwapokea wanafunzi wapya kuanzia Agosti au Septemba, kwa hiyo ukiwapigia simu mwezi Mei utawakuta wengi wangali nyumbani wakisubiri, na utadhani kazi yako imeambulia patupu. Wapigie Oktoba. Muulize kila mmoja yuko wapi, alifikaje huko, na ni jambo gani angependa kuwa alilijua kabla ya kuchagua. Wasiopatikana usiwafute katika hesabu. Waweke katika orodha yao ya kando, kwa maana huenda ndio waliokwama zaidi.

Kipimo cha baada ya shule, hata hivyo, huchelewa. Wanafunzi wa Gredi ya 10 walioingia Sekondari Pevu Januari 2026, kila mmoja katika mkondo mmoja wa masomo kati ya mitatu (sayansi na teknolojia, sayansi za jamii, au sanaa na michezo), watamaliza mwaka 2028, na hamwezi kungoja hadi wakati huo ndipo mjue walipotoka njiani. Kila mwaka waandike kazi wanayoitaka na masomo inayoyahitaji, kisha linganisha majibu yao na masomo wanayosoma. Ukimpata anayetaka udaktari na hasomi Biolojia, mwite wiki hiyo hiyo pamoja na mzazi wake, maana huyo ni mtoto anayehitaji msaada kabla ya kuwa takwimu ya ripoti. Hesabu pia waliowahi kukaa mahali pa kazi na kuona kazi ikifanywa, iwe ni katika kiwanda cha Industrial Area au kwa mafundi wa jua kali wa Kamukunji. Sioni hotuba ya siku ya taaluma, hata iwe tamu namna gani, ikishika nafasi hiyo.

Nakusihi takwimu hizi zisitumiwe kuwapanga walimu kwa ubora. Zikifika huko, watu watajaza yanayopendeza, nanyi hamtaona tena kasoro mliyokusudia kuirekebisha. Na kabla ya kuhifadhi nambari ya simu ya yeyote, pata idhini yake, au ya mzazi au mlezi kwa aliye chini ya miaka 18, kama inavyotakiwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019.