Ukiogopa fungu, ogopa kwa hesabu

Woga wa kupanda fungu, yaani chombo kukwama kwenye mchanga au mwamba ulio chini ya maji, hauishi. Nimeshika usukani miaka mingi, na hadi leo maji yakibadilika rangi mbele ya omo, pua ya chombo, tumbo hunikaza. Kwa hiyo wewe uliyeanza juzi usijione mwoga. Tatizo ni pale woga unapokufanya ukodolee macho kipima kina tu. Kile hukuambia kina cha hapo ulipo, si cha huko uendako.

Na hata hapo ulipo, uliza kwanza kinahesabu kuanzia wapi. Siku moja kiliandika mita 1.7, nikatulia nikidhani ni maji yaliyo chini ya mkuku, ule uti wa chini kabisa wa chombo. Kumbe aliyekifunga alikipanga kihesabu kuanzia usawa wa maji, na sehemu ya chombo chetu iliyo ndani ya maji ni mita 1.6. Nilisikia mkwaruzo mrefu, kama gunia linaburutwa sakafuni. Kikombe kikateleza mezani, kisha kimya. Kwa kiherehere nikarudisha nyuma kwa nguvu zote. Injini ikafyonza mchanga kwenye maji ya kupozea, ikachemka. Sasa nikawa na matatizo mawili.

Ukigusa, zima mwendo, kisha jiulize: maji yanajaa au yanapwa? Yakijaa, tupa nanga upande wa maji mengi usisukumwe ndani zaidi, halafu subiri. Yakipwa, huna muda. Kwa kukadiria, mahali ambapo maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, saa ya kwanza hushuka sehemu 1 ya 12 ya mteremko wote, ya pili 2, ya tatu na ya nne 3 kila moja. Mimi niligusa saa moja baada ya maji kujaa, nikapoteza robo saa nikibishana na injini. Tulilala ubavu zaidi ya saa 10.

Kibaya zaidi ni kukwama kileleni mwa bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, kwa sababu maji yanayofuata hayafiki pale tena. Unaweza kungoja wiki mbili. (Ever Given, meli ya mita 400, iliponasa kwenye mfereji wa Suez Machi 2021, ilitoka baada ya siku 6, tagi, meli za kuvuta nyingine, zikivuta na bamvua likiinua.) Ndiyo maana sehemu nisiyoiamini naipita maji yakiwa yanajaa, polepole.

Siku hizi kabla ya kung'oa nanga nashusha bildi, ile kamba ya kupimia kina yenye uzito wa risasi, nailinganisha na kipima kina cha umeme. Vijana wangu wananicheka. Nawaachia wao waivute.