Maswali ya Wasomaji: Metali Zinazofanya Kazi ya Jani

SWALI: Ndugu Mhariri, nasikia kuna misombo ya metali inayoiga usanisinuru. Inaiga klorofili?
– Mwanafunzi wa kidato cha sita, Morogoro

JIBU: Hapana. Klorofili hunasa mwanga, na kazi hiyo hata paneli ya sola inaimudu. Kinachowatoa wanakemia jasho ni hatua inayofuata, yaani kuyavunja maji. Ndani ya jani, hatua hiyo hufanyika kwenye fundo dogo mno: atomu nne za manganisi, moja ya kalisi na tano za oksijeni. Mwaka 2011 watafiti wa Japani walilipiga picha kwa eksirei, kila atomu ikaonekana mahali pake. Kila fotoni, yaani chembe ya mwanga, ikitua, fundo hupokonywa elektroni moja. Zikitimia nne, hujifidia kutoka molekuli mbili za maji na kuachia O2.

Kukaa na upungufu wa elektroni nne bila kuharibika ni kazi ngumu, na hata jani halitoki salama. Protini ya D1 iliyolibeba fundo hilo huharibiwa na mwanga, na juani hubadilishwa takriban kila nusu saa. Ndiyo maana tunaona msombo unaovunja maji tu, bila kujikarabati, umeiga nusu ya jani. Ule wa rutheni uliotangazwa Marekani mwaka 1982 ulithibitisha kwamba kazi inawezekana, lakini haukudumu. Uliotufurahisha zaidi ni utando wa kobalti na fosfeti wa Matthew Kanan na Daniel Nocera wa chuo cha MIT, Marekani, mwaka 2008. Huo hujitengeneza wenyewe, ukimomonyoka hujiziba, na hufanya kazi kwenye maji ya pH 7, yaani yasiyo asidi wala alkali.

SWALI: Naweza kuutengeneza utando huo kwenye maabara ya shule? Nilijaribu kwa vijiti vya kaboni vya betri kuukuu, maji yakawa meusi.
– Mwalimu wa kemia, Kisumu

JIBU: Unaweza, Mwalimu, ila viache vijiti hivyo. Kwenye anodi, yaani upande chanya, kaboni yenyewe huoksidika, ikatoa CO2 na kumeguka unga. Weusi ulikuwa huo, na mapovu yako hayakuwa ushahidi wa oksijeni.

Anodi iwe kioo kinachopitisha umeme, kilichopakwa oksidi ya bati. Upande uliopakwa utautambua kwa multimita: husoma makumi machache ya omu, wa pili hausomi kitu. Kathodi, yaani upande hasi, iwe waya wa nikeli.

Kwa lita 1 ya maji yaliyokenekwa, yeyusha K2HPO4 gramu 10.7 na KH2PO4 gramu 5.2. Hapo una fosfeti ya mola 0.1, na karatasi ya pH isome karibu 7. Kobalti inayotakiwa ni kidogo kiasi kwamba mizani ya shule haitaiona, kwa hiyo pitia njia ya kuzimua: yeyusha kobalti naitreti yenye maji sita gramu 1.46 hadi mililita 100, kisha chukua mililita 1 tu uitie kwenye mililita 99 za fosfeti, tone kwa tone huku ukikoroga. Ukiimwaga yote mara moja, au ukizidisha, utaona ukungu wa zambarau. Hiyo ni kobalti fosfeti iliyoganda, na haitafika kwenye kioo.

Betri moja ya volti 1.5 haitoshi. Kuvunja maji kwenyewe kunadai 1.23, utando huu unaongeza takriban 0.4 ili upitishe miliampea 1 kwa kila sentimita ya mraba, na bado kathodi na maji vina madai yao. Unganisha betri mbili kwa mfuatano, upunguze kwa reostati hadi karibu volti 2. Kibanio kinachoshika kioo kiwe juu ya maji. Kikilowa, chuma chake ndicho kitakachooksidika na kutia kutu kwenye mchanganyiko. Kioo kitaanza kuwa cha kahawia, kisha kiwe cheusi chenye ukijani, na mkondo utaendelea kupanda kwa saa kadhaa. Usipoona rangi, angalia kwanza kama hukugeuza nyaya.

Watu wengi huiona fosfeti kama maji ya kuogelea tu. Siyo. Oksijeni inapotoka, protoni hubaki, na ni fosfeti inayozipokea. Bila yake asidi ingekusanyika pale pale anodini na kuuyeyusha utando. Tena, kobalti inayotoka kwenye utando huoksidika upya ikakutana na fosfeti na kurudi kiooni. Ukizima umeme ukauacha utando majini usiku kucha, matengenezo hayo yanasimama na utando hupungua. Utoe, uusuuze.

Waandae wanafunzi wasitarajie puto. Sentimita 10 za mraba kwa mkondo huo hutoa kama mililita 2.2 za oksijeni kwa saa. Ikusanye kwenye bomba la sindano lililopinduliwa juu ya anodi. Chumvi ya mezani usitie kabisa, isije ikatoka klorini. Kobalti ni sumu: vaa glavu, na mabaki yagandishe kwa sodiamu kaboneti, uchuje, uhifadhi mashapo. Yasiende sinki wala shambani.

SWALI: Huku kwetu kobalti inachimbwa kila siku. Majani haya bandia yakienea, yataongeza uchimbaji?
– Msomaji, Kolwezi

JIBU: Kwa utando wenyewe, kidogo sana. Unene wake ni kama mikromita 2, hivyo hata tungeuhesabu kuwa kobalti tupu, mita ya mraba isingefika gramu 18. Betri za magari zenye kobalti huhesabiwa kwa kilo.

Kikwazo kiko kwingine. Jani bandia la Nocera na wenzake la mwaka 2011, la silikoni na kobalti, lenye nikeli, molibdenamu na zinki upande wa hidrojeni, liligeuza asilimia 4.7 ya nishati ya jua kuwa hidrojeni lilipotumia waya, na 2.5 bila waya. Lile lisilo na waya lilitoa gesi zote mbili ndani ya chombo kimoja, na mchanganyiko huo hulipuka kwa cheche ndogo. Kuzitenganisha kwa gharama nafuu kunadai utando mwingine, wa kuzitenga katikati, na hapo ndipo bei inapopanda, si kwenye kobalti yenu.