Picha zina chenga? Huenda kamera yako ni nzima, inakosa mwanga

Hapa Lamu nimeletewa kamera nyingi ndogo za dijitali ambazo wenyewe walishazikatia tamaa. "Mwanangu, hii imekufa, picha zote ni chenga tupu," mzee mmoja wa mtaani aliniambia, naye alikuwa karibu kuiuza kwa bei ya kutupa. Nilitoka nayo nje saa mbili asubuhi, jua likiwa mgongoni, nikapiga bila kuvuta zumu. Picha ikatoka safi. Jaribio hilo lifanye kabla ya kumwona fundi.

Kisha ifungue picha mbaya kwenye kompyuta na uikuze, kwa sababu kioo kidogo cha kamera huficha mengi. Ukiona punjepunje za rangi zimetapakaa kwenye vivuli na kuta, hizo ndizo chenga. Taa ikigeuka mstari, au kingo za vitu zikiwa zimeburuzika, basi mkono ulitikisika. Na kama ukuta wa nyuma unaonekana vizuri lakini uso umefifia, kamera ililenga mahali pasipofaa. Bonyeza kitufe nusu, subiri ilenge uso, ndipo umalizie. Watu huyaita yote haya "picha mbaya", lakini dawa zake ni mbalimbali.

Chenga huanzia kwenye sensa, kile kibati kinachopokea mwanga. Katika nyingi ya kamera hizi sensa ina milimita 6.2 kwa 4.6 hivi. Kuna kamera kubwa za kitaalamu zenye sensa ya milimita 36 kwa 24, eneo la takriban mara 30. Sensa ndogo hukusanya mwanga kidogo, na mwanga ukipungua kamera iliyo kwenye otomatiki hupandisha yenyewe ISO, yaani kiwango cha kukuza mwanga uliopatikana, kutoka 100 hadi 800 au hata 1600. ISO haiongezi mwanga hata chembe. Hukuza kile kidogo kilichopatikana, na chenga hukua pamoja nacho. Halafu kamera hujaribu kuzifuta, na katika kufuta huondoka na nywele, nyuzi za kofia na mikunjo ya ngozi. Uso hubaki kama umepakwa nta.

Mji wetu una giza kuliko tunavyodhani. Katika vichochoro vya Mkomani, kuta ndefu za mawe huzuia jua hata adhuhuri, na ndani ya daka, kile kibaraza cha mlangoni, ni kivuli kitupu. Jicho huzoea kivuli upesi. Kamera haizoei. Kwa hiyo toka kwenye otomatiki, weka P, hali inayokuachia uchague ISO mwenyewe, halafu kwenye menyu ya ISO chagua 100 au 200. Sasa shata, kile kilango kinachopitisha mwanga, itakaa wazi kwa muda mrefu zaidi, na mkono hauwezi kutulia kiasi hicho. Iweke kamera juu ya baraza, washa kipima muda cha sekunde 2, bonyeza na uiache. Milango ya nakshi mimi huipiga hivi siku zote, na kila ua la mchongo huonekana.

Mtu hakai kimya kama mlango, basi yeye msogeze kwenye mwanga: karibu na dirisha, uso ukielekea nje. Usiku tumia flashi, lakini kwa mita mbili au tatu tu; zaidi ya hapo haifiki. Kwenye ngoma za Maulidi mimi huiachia ISO ipande hadi 800 bila kusita. Chenga kidogo kwenye uso wa babu anayecheza kirumbizi nazivumilia, kuliko uso uliofutika kwa kutikisika.

Zumu nayo ina lawama kubwa. Katika kamera nyingi za aina hii, ukivuta mpaka mwisho lenzi hupitisha karibu robo tu ya mwanga iliokuwa ikipitisha mwanzo, na ISO hupanda kufidia. Zumu ya dijitali ni mbaya zaidi, maana hukata kipande cha picha na kukinyoosha. Izime kabisa kwenye menyu. Sogea kwa miguu.

Ikiwa picha zina ukungu mweupe hata juani, tazama lenzi. Ukivuka kwa boti kutoka Mokowe, rasharasha za bahari hukauka juu ya kioo na kuacha chumvi. Usiifute kwa kanzu wala leso ikiwa kavu, itakwaruza; puliza mchanga kwanza, kisha futa polepole kwa kitambaa laini chenye unyevu kidogo.

Na kama picha ni safi kwenye kamera lakini mjomba aliyeko Mombasa analalamika kwamba haieleweki, WhatsApp imeibana. Mtumie kama faili ya hati, si kama picha, naye ataipata jinsi ilivyotoka kwenye kamera.