Wasomaji Wanauliza: Sayansi au Uhandisi?

SWALI: Assalaam alaykum. Nimemaliza Kidato cha Nne hapa Wete. Nina B ya Fizikia, B ya Hisabati na C ya Kemia. Mjomba anataka niwe mhandisi, eti ndiko kwenye fedha. Mwalimu wangu wa Fizikia ananiambia nina kichwa cha utafiti, nisome sayansi yenyewe. Mimi bado sijaelewa watu hawa wawili wanatofautiana wapi wakiwa kazini, maana skuli wanasoma vitabu vilevile.
— Msomaji, Wete

JAWABU: Waalaykum salaam. Vitabu ni vilevile, hilo kweli. Njia zao huachana siku wanapokabidhiwa kazi. Chukua kisima kinachotaka kuchimbwa kijiji cha pwani, kwenye mawe ya matumbawe.

Chini ya kijiji hicho maji matamu yameelea juu ya maji ya bahari, kwa sababu maji ya bahari ni mazito kidogo. Lita moja ya maji matamu ina uzito wa kilo 1, ya bahari kama kilo 1.025. Gawa 1 kwa ile tofauti ya 0.025 upate 40. Maana yake, kwa kila mita moja ambayo maji matamu yamesimama juu ya usawa wa bahari, kuna takriban mita 40 za maji matamu chini yake. Sasa ligeuze hesabu hilo. Ukivuta maji mpaka usawa ukashuka nusu mita na ukabaki hapo, baada ya muda chumvi inaweza kupanda kama mita 20 kutoka chini. Ndiyo maana kisima kilichokuwa kitamu mwaka wa kwanza huanza kuharibu chai mwaka wa tatu.

Kazi ya mwanasayansi wa maji ya ardhini ni hapo. Atapima usawa wa maji kiangazi na masika, atapima jinsi maji yanavyopitisha umeme (chumvi ikizidi, umeme hupita vizuri zaidi), kisha atasema: hapa msivute zaidi ya kiasi hiki. Jawabu lake litakuwa na neno "takriban", tena atakueleza hiyo takriban ina upana gani. Wengine huona huo ni udhaifu. Kwa kweli, asiyeweza kusema ana shaka kiasi gani hajapima.

Mhandisi hupokea kile kiasi, tuseme mita za ujazo 10 kwa saa, naye anatakiwa maji yatoke bombani kabla ya tarehe ya mkataba. Anajumlisha kimo: mita 30 kutoka usawa wa maji hadi juu ya ardhi, mita 12 za mnara wa tangi, mita 8 zinazopotea kwa msuguano ndani ya mabomba. Jumla 50. Lita 2.78 kwa sekunde, mara 9.81, mara 50, ni karibu wati 1,360. Pampu na mota yake hupoteza kama nusu ya nguvu, kwa hiyo anahitaji wati 2,700 na ushei. Atachagua mota ya kilowati 3, halafu waya wa kuibeba, swichi ya kuizima tangi likijaa, na kinga ya kuizima kisima kikikauka.

Makosa yake yana sura mbili. Akisahau mnara na msuguano, maji yatafika juu yakidondoka kama machozi. Akiweka mota ya kilowati 5.5 "isije ikapungua", na asiwe na vali ya kuidhibiti, atavuta kupita kiasi alichopewa, na ile chumvi ya mwanasayansi itapanda. Hilo la pili ndilo baya zaidi, kwa sababu kwa miezi kadhaa kila mtu atamsifu.

Basi jiulize lipi linakukosesha usingizi: kutojua sababu ya jambo, au kitu kisichofanya kazi? Wa kwanza ana damu ya sayansi, wa pili ya uhandisi. Na wa pili ajue kwamba kitu chake kikiharibika, mji mzima utamjua. Kati ya Disemba 2009 na Machi 2010, Unguja ilipokosa umeme wa kutoka Bara, hakuna aliyeuliza nadharia ya sumaku. Kila mtu aliuliza umeme unarudi lini.

Kuhusu fedha, mjomba ana nusu ya haki. Digrii ya uhandisi kwa kawaida ni miaka 4, ya sayansi miaka 3. Mhandisi huanza kuajirika na digrii ya kwanza, lakini hawi mhandisi wa kuweka saini siku ya mahafali. Bara, kwa mfano, utaratibu wa mafunzo ni miaka 3 chini ya mhandisi aliyesajiliwa. Mwanasayansi mwenye digrii ya kwanza mara nyingi huishia kuwa fundi sanifu wa maabara, mkaguzi wa ubora au mwalimu, na nafasi ya utafiti hasa huomba digrii ya pili. Ukihesabu hivyo, wote wawili wanafikia kazi kamili miaka kadhaa baada ya digrii ya kwanza.

Kwa sasa huna haja ya kuamua. Soma PCM (Fizikia, Kemia, Hisabati). Inaacha milango yote miwili wazi, na alama zako zinaruhusu.

SWALI: Mwanangu amepata D ya Hisabati, D ya Fizikia, D ya Kiingereza, C ya Kiswahili na B ya Elimu ya Dini. Anapenda umeme. Jirani anasema diploma ni ya walioshindwa. Nimpeleke wapi?
— Mama, Makunduchi

JAWABU: Mama, jirani amekosea, ila kwanza tuhesabu. Sharti la kawaida la kuingia diploma ni kufaulu masomo manne, D na kuendelea, na masomo ya dini hayaingii kwenye hesabu hiyo. Ukiitoa ile B, zinabaki nne kamili, na Hisabati na Fizikia zimo. Anafaa kuomba. Taasisi ya Karume pale Mbweni ni mahali pa kuanzia. Ombeni mapema, mkisoma masharti ya kozi yenyewe, maana kozi moja inaweza kudai zaidi ya nyingine.

Diploma ni miaka 3: ngazi ya 4, ya 5 na ya 6. Akitoka na GPA (wastani wa alama za chuo) ya 3.0 anaweza kuomba digrii ya uhandisi, na ataingia darasani akiwa ameshashika mita na bisibisi, jambo ambalo wenzake wa Fomu Sita wengi hawana. Panapoharibika ni Hisabati ya mwaka wa kwanza. Mwenye D huingia na mashimo kwenye aljebra na trigonometria, anapata sapu (mtihani wa marudio), GPA inashuka, na mlango wa digrii unafungwa kimyakimya. Miezi hii ya kusubiri chuo mtafutieni mwalimu wa Hisabati, hata siku tatu kwa wiki.

Kama anapenda kufunga nyaya kuliko kukokotoa, Chuo cha Amali, cha mafunzo ya ufundi, kitamfaa zaidi. Fundi mzuri wa umeme hakai bure.

SWALI: Niko Fomu Faivu, nasoma PCB (Fizikia, Kemia, Baiolojia). Sasa nataka uhandisi. Nimechelewa?
— Msichana, Chake Chake

JAWABU: Kama ni wiki za mwanzo, nenda kwa mwalimu wa taaluma kesho asubuhi uombe kuhamia PCM. Ukishapita muhula itakuwa vigumu. Ile Hisabati ndogo mnayosoma PCB ni somo la ziada, haihesabiwi miongoni mwa masomo mawili makuu ya kuingilia chuo kikuu, na uhandisi wa ujenzi, umeme au mitambo hutaka Hisabati ya juu na Fizikia.

Ikishindikana, ipo njia ambayo wasichana wa PCB huisahau: uhandisi wa vifaa tiba. DIT (Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam) wanafundisha diploma yake, na unaweza kuomba kwa matokeo yako ya Kidato cha Nne. Mashine ya oksijeni ikizima wodini hukaa na kibandiko cha "mbovu" kwa sababu ya kichujio au fyuzi, kwa kukosa mtu anayejua kuifungua.

Au baki na baiolojia yako. Mwani wa kotonii, unaolipa kuliko aina nyingine inayoitwa spinosam, hufa maji yakipata joto. Aliyefuatilia sababu na kujaribu kuupanda ndani ya nyavu za mirija, kwenye kina ambako joto halipandi sana, ni mtafiti, Dk. Flower Msuya. Taasisi ya Sayansi za Bahari iko Buyu, Unguja. Andika barua ya kuomba kwenda kujitolea likizo, na utaje somo moja unalotaka kupima.