Eisteddfod ya shule Wales: isifiwe kazi kwanza, jina baadaye

Mwanafunzi wa sekondari huko Wales hupongezwa kwa njia nyingi: cheti kwenye mkutano wa asubuhi, picha ya timu ya raga kwenye tovuti ya shule, makofi siku matokeo ya mitihani yanapotoka Agosti. Zote ni njema. Ila ipo moja inayomfikia hata yule mtoto wa kiti cha nyuma ambaye hakuna aliyejua kwamba anatunga mashairi. Hiyo ni eisteddfod ya shule, siku ambayo shule nzima huketi ukumbini kusikiliza wenzao wakighani, wakiimba na kucheza. Ushauri huu ni kwa mwalimu aliyekabidhiwa kuiandaa, kwa mzazi wa kwetu anayeishi huko ambaye mtoto wake ameleta nyumbani orodha ya mashindano asiyoielewa, na pia kwa mwalimu wa Tanga au Kisumu anayetafuta namna bora ya kuwatuza wanafunzi.

Neno lenyewe lisikutishe. Katika Kiwelisi dd hutamkwa kama dh ya dhahabu, f moja ni v, na mkazo huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, kama kwetu: eistedhvod. Eistedd ni kuketi, kwa hiyo maana yake haiko mbali na kikao. Na katika kikao hiki kitu kinachogombewa ni kiti. Mwaka 1176 Lord Rhys aliwakusanya washairi na wanamuziki katika ngome yake ya Cardigan, na walioshinda wakapewa viti. Mpaka leo mshairi bora wa shule huketishwa kwenye kiti mbele ya wenzake wote.

Shule nyingi hufanya eisteddfod karibu na 1 Machi, siku ya Mtakatifu David, na tarehe hiyo ina mtego. Katikati au mwishoni mwa Februari kuna likizo ya wiki moja. Kwaya iliyokuwa ikiimba vizuri hurudi ikiwa imesahau sauti ya pili, huku zikiwa zimebaki siku chache tu. Kwa hiyo hesabu kurudi nyuma. Orodha ya mashindano itoke katikati ya Novemba, kazi za kuandika na za mikono zikusanywe wiki ya mwisho ya Januari, mchujo wote uishe kabla ya likizo. Siku za baada ya likizo ziachiwe mazoezi ya ukumbini peke yake. Tarehe 1 ikiangukia Jumamosi au Jumapili, fanyeni Ijumaa inayotangulia. Ukisogeza hadi Jumatatu, watoto huja wakiwa wamepoa.

Mchujo ndio unaookoa siku yenyewe. Shule hugawanywa katika nyumba tatu au nne zinazoshindana, na kila shindano la mtu mmoja mmoja huchujwa hadi wabaki watatu watakaopanda jukwaani. Fanya hesabu kabla hujatangaza chochote. Shairi la beti nne za mistari minne huchukua kama dakika moja na nusu kughaniwa, lakini ukiongeza kupanda jukwaani, kuinama, makofi na kushuka, ni dakika 3 kamili. Watatu ni dakika 9, na jaji apewe 2: jumla 11. Siku ya shule ukitoa mapumziko na chakula hubaki na dakika kama 270. Mashindano 15 ya aina hiyo hula 165. Kwaya nne za nyumba pamoja na maoni ya jaji, 28. Ngoma za kienyeji, 30. Sherehe ya kiti, 30. Umebakiwa na dakika 17 za mwalimu mkuu, wimbo wa taifa na yote yatakayochelewa. Anayepanga mashindano 20 kwa kuwaonea huruma walioomba hujikuta anaikata sherehe ya kiti, yaani anaukata moyo wa siku.

Kuhusu alama, mpangilio wa 10 kwa wa kwanza, 6 kwa wa pili na 4 kwa wa tatu unatosha. Muhimu zaidi ni alama 1 kwa kila aliyejitokeza kwenye mchujo, hata akitolewa. Bila alama hiyo, nyumba huwasukuma mbele wale wale wanne wenye vipaji, na wavulana wa miaka 13 au 14 hawajiandikishi kabisa. Weka pia kikomo: mtu mmoja asipande jukwaani peke yake zaidi ya mara tatu.

Sasa mzazi. Mtoto wako akipewa shairi la Kiwelisi la kughani, usidhani wenyeji wamemzidi kwa kila kitu. Katika shule zinazofundisha kwa Kiingereza wanafunzi wengi nao wanajifunza Kiwelisi kama lugha ya pili, na kwa kawaida kuna shindano lao mbali na la waliokulia ndani ya lugha. Hakikisha ameandikwa kwenye kundi linalomfaa. Kiwelisi huandikwa karibu kama kinavyotamkwa, r hutetemeshwa, ch ni kh ya Kheri, na w mara nyingi ni irabu ya u. Kinachosumbua ni ll: weka ulimi kama unataka kusema l, kisha puliza hewa pembeni mwa ulimi bila kutoa sauti. Mwombe mwalimu alisome shairi taratibu na kulirekodi kwenye simu. Mtoto aelezwe maana ya kila mstari kabla ya kuukariri, maana kosa linaloangusha wengi ni kupiga kelele na kupunga mikono juu ya maneno wasiyoyaelewa. Jaji hutambua hilo kufikia ubeti wa kwanza.

Tuje kwenye kiti, na hapa nitakaa kidogo.

Shindano la kiti ni la utungaji, na kila anayeingia hutumia lakabu, ambayo Wawelisi huiita ffugenw. Wasomaji wa kurasa za mashairi kwenye magazeti yetu wameizoea desturi ya malenga kujulikana kwa lakabu. Tofauti ni kwamba hapa lakabu kazi yake ni kuficha. Shairi huandikwa lakabu peke yake. Jina halisi na darasa huwekwa kwenye bahasha iliyofungwa, na juu ya bahasha huandikwa lakabu ile ile. Kazi zote zichapwe kwa kompyuta, kwa sababu mwalimu wa shule hiyo hutambua mwandiko wa mwanafunzi wake mara moja. Ni bora jaji atoke nje ya shule. Siku hizi kuna mashairi yanayotungwa na programu ya kompyuta, na kuyawinda baadaye ni kazi chungu. Dawa ni kutoa mada, kumpa kila mshiriki kipindi kimoja cha kuandika rasimu ya kwanza darasani kwa kalamu, kisha rasimu hiyo ifungwe ndani ya bahasha pamoja na jina.

Ndani ya bahasha weka pia swali moja: ukishinda, uko tayari kusimama mbele ya shule nzima? Yapo mashairi mazuri sana yanayoandikwa na watoto wasioweza kusimama mbele ya watu 900, na kuwalazimisha ni kuiharibu zawadi yao. Anayejibu hapana amtaje rafiki wa kumsimamia. Kwa sababu hiyo bahasha ya mshindi ifunguliwe siku mbili kabla, na siri ijulikane kwa watu watatu tu: jaji, mratibu, na mwalimu wa darasa atakayehakikisha mtoto amekuja na ameketi pembeni mwa safu, pasipo magoti ya wenzake ya kuruka.

Siku ikifika, jaji husimama na kusoma maoni yake. Anaeleza mshairi wa tatu alifanya nini vizuri, wa pili alijikwaa wapi, kisha anakaa kwenye shairi la kwanza: taswira gani ilimsimamisha, mstari upi aliurudia. Huo ndio uzito wa siku. Mtoto anasikia kazi yake ikichambuliwa kwa heshima mbele ya mamia ya watu ambao bado hawajui ni nani wa kumpigia makofi. Sifa ya namna hiyo haimhusu baba yake wala alama zake za hesabu. Mwombe jaji anukuu angalau mistari miwili, na asizidi dakika 6.

Taa huzimwa. Tarumbeta hulia. Mshereheshaji husema: mwenye lakabu hii asimame. Pana sekunde chache za kimya ambamo vichwa vyote vinageuka, na msizifupishe. Wawelisi wana kumbukumbu nzito ya kimya hicho. Mwaka 1917, katika Eisteddfod ya Taifa iliyofanyika Birkenhead, lakabu ya mshindi iliitwa na hakuna aliyesimama. Mshairi Hedd Wyn, kijana wa shamba kutoka Trawsfynydd, alikuwa ameuawa vitani Julai 31 ya mwaka huo. Kiti chake kikafunikwa kitambaa cheusi. Wasimulieni wanafunzi habari hiyo wiki ileile, na hakuna atakayecheka taa zikizimwa.

Mshindi husindikizwa na wawili hadi jukwaani. Upanga hushikwa juu yake, nao huchomolewa nusu tu, mara tatu, na kila mara kiongozi huuliza: A oes heddwch? Je, kuna amani? Ukumbi hujibu: Heddwch! Amani! Upanga hurudishwa alani bila kutoka wote. Tumieni wa mbao, na mjaribu kuuchomoa siku moja kabla kwa sababu mbao hukwama. Wafundisheni wa mwaka wa kwanza kujibu, la sivyo mara ya kwanza hujibu walimu peke yao. Sherehe hizi za upanga zilitoka kwa mshairi Iolo Morganwg na mkutano wake wa washairi wa 1792, tena London, kwa hiyo shule isiogope kuzirekebisha: wapo wanaoweka ngoma ya maua ya watoto wadogo, wapo wanaoweka wimbo tu.

Kiti kitengenezwe na karakana ya shule. Kidogo cha sentimita 20 hivi cha mwaloni kinatosha mtoto aende nacho nyumbani, na kikubwa hubaki shuleni kikiwa na majina ya washindi. Vanishi ipakwe wiki nzima kabla. Kiti kilichopakwa jana yake huacha alama kwenye sare ya mshindi.

Baada ya Hen Wlad Fy Nhadau, wimbo wa taifa wa Wales, kuimbwa na ukumbi kufagiliwa, kuna kazi moja ambayo wengi huisahau. Maoni ya jaji kwa kila shairi yaandikwe kwenye karatasi yenye lakabu tu, yawekwe maktabani, na kila mtunzi apite kwa wakati wake kuchukua ya kwake. Bahasha za wasioshinda zirudishwe hapohapo mezani, zikiwa bado zimefungwa.